Redio za Polisi Zilizofungwa na Haki ya Raia Kusikia



Nimepewa nizungumzie haki ya umma kusikiliza redio za polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa pale mawasiliano hayo yanapofungwa kwa usimbaji. Mifano yangu mingi inatoka Marekani. Huko raia wamezoea kusikiliza kwa karibu miaka 100, na huko ndiko miji inakofunga mawasiliano hayo mmoja baada ya mwingine.

Polisi wa Detroit walianza kurusha taarifa kwa magari ya doria mwaka 1928. Redio za magari zilikuwa za kupokea tu: askari alisikia amri lakini hakuweza kujibu. Taarifa hizo zilikwenda hewani bila kificho, na mwananchi mwenye redio inayofika masafa hayo alizisikia akiwa nyumbani kwake. Miaka 10 baadaye, mpigapicha Arthur Fellig, maarufu kwa jina la Weegee, alipata kibali cha kufunga redio ya polisi ndani ya gari lake jijini New York. Usiku akisikia moto au mauaji anafika mapema, na picha zake zimekuwa sehemu ya historia ya jiji lile. Vyumba vya habari navyo vikajenga kazi zao juu ya desturi hiyo. Kwa miongo mingi, skana, yaani redio ya kunasa masafa ya polisi, iliyowashwa pembeni ya meza ya mhariri ndiyo iliyomwambia kwamba kuna jambo, kabla msemaji wa polisi hajaamua kama lipo.

Redio za kidijitali zimebadilisha hali hiyo. Sauti hugeuzwa tarakimu, tarakimu husimbwa, na asiye na ufunguo haambulii neno. Las Vegas ilifunga mwaka 2018, Denver 2019, Chicago ikafuata 2022, na New York ikaanza na vituo vya Brooklyn mwaka 2023.

Sababu za polisi ni za kweli na tusizibeze. Jambazi anaweza kusikia askari wanakotokea. Zaidi ya hapo, hewani hupita mambo ya watu wasio na kosa: jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani ya nyumbani, ugonjwa wa mama aliyeanguka jikoni. Mwaka 2020 Idara ya Sheria ya jimbo la California iliziagiza idara za polisi kulinda taarifa hizo, ikaziachia njia mbili: kusimba mawasiliano, au kuweka utaratibu wa kutozitamka taarifa hizo hadharani. Idara nyingi zilifunga kila kitu. Polisi wa barabara kuu wa jimbo hilohilo waliendelea kusikika.

Njia hiyo ya pili haihitaji mitambo mipya. Askari amesimamisha gari na anataka kujua kama dereva anatafutwa. Badala ya kutaja jina kamili na tarehe ya kuzaliwa kwa pamoja, anataja namba ya leseni. Yaliyobaki anayasoma kwenye kompyuta ya gari au anapiga simu. Msikilizaji wa mtaani anajua kuna gari limesimamishwa, wapi, na askari wangapi wameitwa. Lakini hajui dereva ni nani. Mji wa Palo Alto ulifunga redio zake mapema 2021, wakazi na waandishi wakalalamika, na mwaka 2022 mkuu mpya wa polisi akazifungua tena. Kwangu mimi mfano huo unatosha kuonyesha kwamba faragha ya mtu inaweza kulindwa bila kuziba masikio ya mji mzima.

Miji mingine inatoa sauti kwa kuchelewesha: Chicago dakika 30, Baltimore dakika 15. Kwa mtafiti au mwanasheria hilo linasaidia. Kwa mkazi ambaye moshi umeshaingia ngazini mwa jengo lake, dakika 30 ni sawa na kutosikia kabisa. Na mwenye kuishika sauti kwa nusu saa anaweza pia kuikata, kwa hiyo ucheleweshaji wowote uendeshwe na mtambo peke yake, bila mkono wa afisa. Jimbo la Colorado lilipitisha sheria mwaka 2021 inayoitaka idara iliyofunga mawasiliano yake yote iweke sera ya kuvipa vyombo vya habari nafasi ya kusikiliza. Ni hatua nzuri, ila redio ambayo mwandishi amepewa na polisi inaweza kuchukuliwa na polisi haohao siku atakapoandika wasichokipenda.

Tusidhani pia kwamba usimbaji unamzuia kila mtu. Mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi walitangaza udhaifu katika TETRA, mfumo unaotumiwa na vikosi vya dharura katika nchi nyingi. Mojawapo ya misimbo yake, TEA1, ilitangazwa kuwa na ufunguo wa biti 80, kumbe ndani ulipunguzwa hadi biti 32, na kompyuta ya kawaida inaufungua kwa muda wa dakika moja hivi. Misimbo hiyo ilikuwa siri tangu miaka ya 1990. Kwa hiyo mwenye utaalamu na nia mbaya angeweza kusikia miaka yote hiyo, huku raia mwema akizuiwa.

Jambo ninalolipa uzito kuliko yote ni kanda, yaani rekodi za mawasiliano hayo ya redio. Katika mashambulizi ya kigaidi ya Septemba 11, 2001, wazimamoto 343 walikufa New York, na baadhi yao hawakuipata amri ya kutoka kwenye jengo lililoshambuliwa. Familia zao zilitaka kujua nini kilisemwa kwenye redio. Jiji likakataa, gazeti la New York Times likaenda mahakamani, na rekodi nyingi zikatolewa mwaka 2005 tu. Wafiwa walisubiri karibu miaka minne. Hakuna mjane anayestahili kupitia mahakama ya rufaa ili ajue mumewe aliitwa arudi au hakuitwa.

Kwetu, Kenya na Tanzania zote zilitunga sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Napendekeza tuzitumie kama ifuatavyo. Kanda za redio za dharura zihesabiwe kuwa kumbukumbu za umma, zenye muda maalumu wa kuhifadhiwa na adhabu kwa atakayezifuta. Miito ya zimamoto na magari ya wagonjwa ibaki wazi, bila majina ya wagonjwa. Ya polisi ya kawaida iwe wazi, au icheleweshwe kwa mtambo. Mawasiliano ya upelelezi na ya operesheni za uokoaji wa mateka yafungwe, na jaji aweze kusikiliza kanda zake.

Muda wa kuhifadhi ndio utakaoleta ubishi mkubwa, kwa sababu ya gharama na kwa sababu mashauri ya vifo huchukua miaka. Naomba vikundi vya majadiliano vianze na hilo.