TAIRI LILILOFUTWA KATIKA DAFTARI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Neno langu ni juu ya tairi kuukuu, ambalo karani wa bohari hulifuta katika daftari kwa mstari mmoja wa wino, wala haulizi liendako.

Utomvu wa mpira mtupu hunata wakati wa joto na kuvunjika wakati wa baridi. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba ukipikwa pamoja na kiberiti hupata nguvu. Lakini nguvu hiyo ndiyo shida yetu leo. Chuma kikuukuu huyeyushwa kikafuliwa upya. Mpira uliofungwa na kiberiti hauyeyuki, huungua tu. Mwaka 1899 Arthur Marks alionyesha njia: kuusaga, kisha kuupika kwa mvuke na magadi makali, hata nyuzi za pamba zikaliwa, nao mpira ukalainika, ukafaa kuchanganywa na mpya. Wajapani walipoiteka Malaya mwaka 1942, Rais Roosevelt aliwaomba raia wake mpira mkuukuu kwa senti moja kila ratili. Muda usiotimia mwezi zikapatikana tani zaidi ya 400,000.

Hata hivyo tusidanganyike: mpira uliofufuliwa ni dhaifu kuliko mpya. Kwa hiyo kinu kiwe cha mwisho. Tairi lenye mwili mzima livikwe ngozi mpya. Lisilofaa limwendee fundi wa katambuga. Masalio ndiyo yasagwe.

Kulichoma ni kuwavutisha jirani sumu. Kulitupa uani likajaa maji ya mvua ni kumjengea nyumba mbu aenezaye homa ya dengi, iliyowasumbua watu wa Dar es Salaam mwaka 2014.

Basi, Mabwana na Mabibi, naleta shauri hili mbele ya Chama: kila karani afutapo tairi, aongeze mstari wa pili kueleza lilikokwenda. Wino huo ni kidogo, lakini kwao fundi hupata riziki na mtoto huepuka homa. Mali ya umma hata ikichakaa ni ya umma, na sisi tumeaminiwa kuitunza mpaka mwisho wake.