Manjano, mrehani na mionzi: je, mmea waweza kuikinga seli?



Mwaka jana shangazi yangu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam, alikokuwa akipata tiba ya mionzi kwa ajili ya saratani ya titi. Baada ya kuamkiana akaniuliza: "Mwanangu, jirani ameniletea kopo la unga wa manjano. Asema unaukinga mwili na mionzi. Niunywe, nisiunywe?"

Swali hilo si la kupuuzwa. Mionzi ipenyapo mwilini hukutana zaidi na maji, maana sehemu kubwa ya seli ni maji. Nguvu yake huzivunja molekuli za maji, na hapo huzaliwa vipande visivyotulia, ambavyo hushambulia chochote kilicho karibu, ikiwemo DNA iliyobeba urithi wetu. Nyuzi zote mbili za DNA zikikatika, seli yaweza kufa au kubaki na hitilafu. Mimea nayo, kwa kuwa hushinda juani, hujitengenezea kemikali za kuvituliza vipande vya aina hiyo. Ndipo wanasayansi walipojiuliza: je, seli ya binadamu yaweza kuiazima kinga ya jani?

Huko Manipal, nchini India, watafiti walichukua kemikali mbili, orientini na visenini, zitokazo katika tulsi, mmea wa jamii ya mrehani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, walizichanganya na chembe za damu ya binadamu, kisha wakazipiga chembe hizo mionzi. Kromosomu zake ziliharibika kwa kiasi kidogo kuliko za chembe zilizoachwa bila kinga.

Lakini chupa ya maabara si mwili wa mtu. Tuyatazame manjano yenyewe. Watafiti wa Rochester, Marekani, waliwapa wagonjwa wa saratani ya titi gramu 6 kwa siku za kurkumini, kemikali inayoyapa manjano rangi yake, muda wote wa tiba ya mionzi. Matokeo ya mwaka 2013, yaliyohusu wagonjwa 30, yalitia moyo: ngozi zao zilichubuka kidogo kuliko za wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Jaribio liliporudiwa kwa wagonjwa 686, matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 hayakuonyesha tofauti ya maana. Sababu moja inayotajwa ni kwamba kurkumini hupenya kwa shida sana kutoka tumboni kuingia katika damu.

Tena kuna hofu nyingine. Ikiwa mmea waikinga seli nzima, ni nini kitakachouzuia usiikinge na seli ya saratani? Huko Quebec, Kanada, wagonjwa 540 wa saratani za kichwa na shingo walishiriki jaribio la vitamini E na beta-karotini, ambazo nazo huvituliza vile vipande. Matokeo ya mwaka 2005 yalionyesha kuwa madhara makali ya mionzi yalipungua, lakini pia kulikuwa na dalili kwamba saratani ilirejea zaidi.

Nilimweleza shangazi hayo yote, kisha nikamwambia: "Manjano ya kwenye mchuzi ni chakula, shangazi. Manjano ya kunywa vijiko kwa vijiko ni dawa, na dawa huulizwa kwa daktari. Lichukue kopo lenyewe ukamwonyeshe."

Alilichukua. Daktari hakumcheka wala hakumgombeza. Alimwomba aliweke kando mpaka amalize tiba. Shangazi amemaliza. Kopo limerudi jikoni, na samaki wake wa kupaka, naambiwa, wana rangi nzuri.

Utafiti wa mimea ungali unaendelea, na huenda siku moja ukatupatia kinga ya kweli. Hadi hapo, msikilizaji, usimfiche daktari wako unachokunywa.