Kuchagua Gari Dogo la Malazi: Pima Kwanza, Lipa Baadaye



Katika mazungumzo yaliyotangulia tulizungumzia bidhaa zinazopatikana karibu katika kila nyumba: mizani ya dukani, mitungi ya gesi, vifaa vya umeme. Leo tunazungumzia bidhaa ambayo bado nyumba chache zinayo, lakini inapoingia nyumbani huja imebeba akiba ya miaka mingi. Tunakusudia gari dogo la malazi, yaani gari la abiria au la mizigo mepesi lililowekwa kitanda, jiko na pengine jokofu, ili mwenye nalo aweze kutoka asubuhi na kurudi jioni, au kusafiri siku kadhaa akilala humo humo.

Tuanze na shauri lililofika mezani kwetu. Mwalimu mmoja mstaafu na mumewe walitumia sehemu ya kiinua mgongo kununua gari la aina hiyo hapa Dar es Salaam. Walikuwa na makusudi mawili: kwenda Bagamoyo siku za Jumamosi, na mara moja kwa mwaka kusafiri hadi Njombe pamoja na wajukuu wawili. Muuzaji aliwaambia kwamba gari hilo "linalala watu wanne". Safari ya Bagamoyo ilikuwa njema. Safari ya Njombe haikuwa hivyo. Katika mlima wa Kitonga injini ilichemka, na walisimama pembeni mwa barabara saa tatu wakiwa na watoto, malori yakiwapita. Waliporudi na kuuteremka mlima huo huo, breki zilitoa harufu ya kuungua na kanyagio likawa linazama. Walifika salama, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Walipofungua bahasha ya nyaraka mbele yetu, stakabadhi ilikuwa na maneno machache tu: "Gari moja, limeuzwa kama lilivyo."

Gari lile halikuwa bovu. Lilikuwa gari zima lililopewa kazi isiyokuwa yake. Hilo ndilo tunalotaka mlichukue leo: swali la kwanza si kama gari ni zuri, bali ni zuri kwa watu wangapi, kwa mzigo gani na kwa barabara ipi.

Kwanza, uzito.

Magari mengi madogo ya malazi yanayoletwa kutoka Japani ni ya daraja la chini kabisa katika sheria za nchi hiyo: urefu hauzidi mita 3.4, upana hauzidi mita 1.48, na injini haizidi sentimita za ujazo 660. Ni ndugu wa magari ya mizigo ambayo mitaani tumezoea kuyaita kirikuu. Yana sifa zake: hula mafuta kidogo, huegeshwa popote, na mafundi wengi wanayafahamu. Lakini gari la mizigo la daraja hilo kwa kawaida limeruhusiwa kubeba kilo 350 likiwa na watu wawili, na kilo 250 likiwa na watu wanne. Mtu mmoja amehesabiwa kuwa na kilo 55.

Sasa tufanye hesabu ya nyumba ya kawaida. Mbao za kitanda na makabati, kilo 90. Betri ya pili, 30. Jokofu dogo, 15. Lita 40 za maji ni kilo 40, kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mtungi mdogo wa gesi uliojaa pamoja na jiko lake, 15. Chakula na vyombo, 25. Nguo na matandiko, 30. Viti, meza na turubai, 20. Vifaa vya gari, 10. Jumla ni kilo 275.

Kwa watu wawili wenye kilo 85 kila mmoja, tunaongeza kilo 60 zilizozidi makadirio ya Kijapani, tunapata 335. Gari limetosha, limebakiwa na kilo 15. Wakipanda watu wanne, kikomo ni kilo 250. Gari limezidiwa hata kabla hatujaangalia unene wa mtu yeyote. Ni gari lile lile, vitu vile vile. Lililobadilika ni idadi ya abiria. Hiyo ndiyo hesabu ambayo mwalimu wetu hakufanyiwa.

Mwenye familia ya watu wanne na safari ndefu atafute gari lenye uwezo zaidi. Hiace ya mizigo ya mwili wa kawaida ina urefu wa karibu mita 4.7 na hubeba karibu tani moja. Itatumia mafuta zaidi kila siku, hata katika zile Jumamosi za Bagamoyo. Kwa hiyo tunashauri mhesabu siku zenu kwa uaminifu. Ikiwa katika mwaka mna siku 40 za matembezi mafupi ya watu wawili na safari moja tu ndefu ya watu wanne, huenda gari dogo likafaa, na katika ile safari moja wajukuu wakapanda basi. Si aibu kupanga hivyo. Aibu ni kununua gari kwa ajili ya safari moja ya ndoto na kulilipia mafuta mwaka mzima, au kununua gari dogo na kulibebesha lisiloliweza.

Muulizeni muuzaji uzito wa gari likiwa tupu baada ya kuwekewa makabati, na uzito wa juu linaoruhusiwa kufikia likiwa limejaa. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo mali mnayonunua. Asipozijua, lipelekeni gari kwenye mizani kabla ya kulipa.

Pili, kitanda na kiti.

Kitanda hupimwa kwa mwili wa mtu. Kila atakayelala humo avue viatu, alale chali, anyooshe miguu na akae hivyo kwa dakika kumi, milango ikiwa imefungwa. Mtu mwenye urefu wa sentimita 180 hawezi kulala wiki nzima katika kitanda cha sentimita 165, hata kama dukani alitabasamu. Angalieni pia madirisha. Gari la kulala Tanga au Bagamoyo lisilo na madirisha yanayofunguka yenye wavu wa mbu ni tanuri, na gari hilo hilo likifika Njombe mwezi wa Julai bila blanketi nzito litakuwa sanduku la baridi.

Tena, mahali pa kulala si mahali pa kukaa gari likiwa mwendoni. Benchi la mbao lililowekwa ubavuni halimzuii mtoto gari linapofunga breki ghafla. Hesabuni viti vyenye mikanda iliyofungwa katika mwili wa gari, si katika ubao wa kabati. Idadi hiyo ndiyo idadi ya abiria wenu, vyovyote tangazo litakavyosema.

Tatu, umeme na moto.

Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ikiwa ni betri ya kawaida ya risasi na asidi, si vema kuitumia zaidi ya nusu, yaani wati-saa 600. Jokofu dogo linalotumia wastani wa wati 25 litamaliza nusu hiyo kwa siku moja. Kwa matembezi ya siku moja, basi, hamhitaji mitambo ya gharama. Kasha zuri la barafu linatosha. Kwa safari ya siku nyingi, hakikisheni betri ya pili inachajiwa injini inapotembea au kwa paneli ya jua, na isiwe inanyonya betri ya kuwashia gari.

Kuhusu moto tunasema kwa msisitizo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutuama sakafuni, pale pale mlipolaza watoto. Kabati la mtungi linapaswa kuwa na tundu chini kabisa, linalotoa hewa nje ya gari. Na jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari kabisa, wala usiku wa baridi, wala "kwa dakika tano tu". Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Pikeni nje. Laleni jiko likiwa nje.

Nne, hali ya gari lenyewe.

Mengi ya magari haya yamekwisha kutumika. Ombeni cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani na karatasi ya mnada, mkalinganishe kilomita zilizoandikwa humo na zile zinazosomeka kwenye dashibodi. Ingieni chini ya gari kwa tochi: magari ya mikoa ya theluji huliwa na chumvi inayomwagwa barabarani, na rangi mpya ya juu haiponyi kutu ya chini. Someni tarakimu nne ubavuni mwa tairi. 3219 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2019. Tairi zee laweza kung'aa na bado likapasuka likiwa na mzigo.

Mkiagiza wenyewe, msipige hesabu kwa bei ya gari peke yake. Tumieni kikokotoo cha magari yaliyotumika katika tovuti ya TRA mjue kodi kabla ya kutuma fedha, mkikumbuka kwamba gari kuukuu hutozwa zaidi kwa uchakavu wake. Na kwa kuwa gari limebadilishwa muundo, mjulisheni msajili wa magari na kampuni ya bima. Bima iliyokatwa kwa gari la mizigo, ilhali ndani mna kitanda, jiko na mtungi wa gesi, yaweza kuleta ubishi siku ile ile mnayoihitaji.

Mwisho, maandishi.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa nayo inampa nguvu mnunuzi aliyemweleza muuzaji wa bidhaa hizo matumizi anayoyakusudia na akategemea ujuzi wake: bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo kwa kiasi cha kuridhisha. Lakini matumizi hayo yakisemwa kwa mdomo tu, siku ya shauri kila upande hukumbuka lake. Mwalimu wetu alirudishiwa sehemu ya fedha zake kwa maridhiano, sehemu tu. Alikuwa mkweli, na tulimwamini; alichokosa ni karatasi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, andikeni sentensi moja na muuzaji aitie sahihi. Kwa mfano: "Nanunua gari hili kwa safari za watu wanne, wakiwa na mzigo wa kilo 275, kwenda na kurudi Njombe kwa barabara ya Iringa, na muuzaji amenithibitishia kwamba linafaa." Muuzaji mwaminifu atatia sahihi, au atasema, "Mama, kwa safari hiyo nakushauri lile kubwa." Vyovyote vile mmefaidika. Anayekataa kabisa naye amewajibu, tena bila malipo.

Na kama bado mnasita, kodisheni gari la namna hiyo kwa siku mbili kabla ya kununua. Laleni humo usiku mmoja, pikeni chai asubuhi, pandeni mlima mmoja mkiwa na mzigo wote. Gharama ya siku mbili ni ndogo ikilinganishwa na kiinua mgongo.

Mwalimu yule aliuza gari lile kwa vijana wawili wasio na watoto, nao, kwa taarifa tulizonazo, wanalifurahia. Yeye na mumewe sasa wanatafuta jingine. Mara ya mwisho alipofika ofisini kwetu alikuwa na futi ya fundi cherehani mkobani na daftari lenye orodha ya uzito wa kila kitu, hadi sufuria. Tunawatakia ninyi nyote safari njema, na tunawaomba mwige daftari lile.