Mwenzetu wa Foleni ya Asubuhi
(Hotuba kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumzie maradhi ya akili na ya uraibu. Maradhi hayo ni mengi, nami si daktari. Nitasema juu ya moja tu lililonifika karibu, nalo ni uraibu wa heroini, yaani unga.

Wa mwaka wangu wanamkumbuka mwenzetu aliyekuwa akitufundisha hesabu usiku bwenini kwa mwanga wa kibatari. Sitamtaja jina, ingawa ameniruhusu nisimulie. Alianza kuvuta unga Dar es Salaam, kisha akaingia kwenye sindano. Siku alipokuja ofisini kwangu akitetemeka, kamasi zikimtoka, nilimwagiza mlinzi asimruhusu tena kupita getini. Nilimwona teja, basi. Sikujua kuwa ile ndiyo arosto: mwili uliozoea unga ukiukosa, tumbo husokota, mifupa huuma, usingizi hukimbia. Mtu aliyefika hapo hatafuti raha tena. Anatafuta nafuu.

Mwezi Februari 2011 kliniki ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili, zikafuata za Mwananyamala na Temeke, na baadaye za mikoani. Methadoni ni dawa ya kunywa. Hushika mahali pale pale katika ubongo panaposhikwa na heroini, ila hukaa karibu siku nzima. Kwa hiyo arosto haiji, na mwenye kupewa kipimo chake sawasawa halewi. Wako wasemao kwamba huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Hata mimi nimewahi kusema hivyo, tena kwa sauti kubwa. Lakini mwenye kisukari anayejichoma insulini kila siku, nani kati yetu humwita mlevi?

Dawa yenyewe ni bure. Ugumu uko kwingine. Kwa kawaida hunywewa pale pale kliniki, mbele ya mhudumu, siku zote, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Nauli ni juu ya mgonjwa, na foleni haijali saa ya kuripoti kazini. Mwenzetu alipata kazi ya kutunza stoo. Akaandikiwa onyo la kuchelewa, likaja la pili, kisha akaachishwa. Kwa aibu hakusema asubuhi alikuwa wapi, wala hakuna aliyemuuliza. Nami katika utumishi wangu nimetia saini barua za namna ile, sijui ngapi.

Wengi wenu hapa mna watu chini yenu. Akija mmoja akaomba aingie saa tatu kwa ajili ya kliniki, mpeni saa hiyo, ailipe jioni, na habari zake zisitoke nje ya chumba chenu. Nawe Ndugu Mkuu wa Shule, nakuomba mbele ya hadhara hii: kijana akikamatwa na vitu hivi, afikishwe hospitali kabla ya kuandikiwa barua ya kufukuzwa. Nanyi wanafunzi, aliyekwisha kuonja amwendee mwalimu wa malezi leo, asingoje sindano.

Mwenzetu sasa ana mwaka wa tano kwenye methadoni, naye anauza vitabu vya mtumba. Alitamani sana kuwa nasi leo, lakini basi la kuja huku huondoka kabla dirisha la dawa halijafunguliwa. Anawasalimu.