Matumizi Salama ya Krimu za Steroidi na Antibiotiki za Ngozi

Krimu ya steroidi haiui kimelea chochote. Kazi yake ni kutuliza: hupunguza uvimbe, joto na muwasho unaozuka pale kinga ya mwili inapochachamaa ndani ya ngozi, kama inavyotokea kwa mwenye pumu ya ngozi au kwa aliyedhuriwa na sabuni kali. Antibiotiki ya kupaka ina kazi nyingine kabisa. Huua bakteria au huwazuia wasizaliane, wala haigusi fangasi, virusi au wadudu wa upele. Madhara mengi ya dawa hizi hayatokani na ubaya wake bali na kuzipaka kwenye ugonjwa zisiouhusu, na kinachofanya kosa hilo lidumu ni kwamba steroidi huleta nafuu hata pale isipotibu.

Steroidi ya kwanza kuonyesha mafanikio ya wazi juu ya ngozi ni haidrokotisoni, ambayo Sulzberger na Witten wa New York walitangaza matokeo yake mwaka 1952, miaka miwili tu baada ya watafiti wa homoni hizi kupewa Tuzo ya Nobel. Viwanda vilianza mara moja kutafuta zenye nguvu zaidi, na leo hupangwa katika ngazi nne kwa mpangilio unaotumika sana: hafifu, kama haidrokotisoni ya asilimia 1; za wastani, kama klobetasoni ya asilimia 0.05; kali, kama betamethasoni valereti ya asilimia 0.1; na kali sana, ambazo mfano wake mkuu ni klobetasoli ya asilimia 0.05. Asilimia hizi humpotosha asiyezijua. Mnunuzi akiziweka tyubu mbili kaunta, moja imeandikwa 1% na nyingine 0.05%, atadhani ya pili ni dhaifu mara ishirini. Ukweli ni kinyume: katika kipimo cha jinsi dawa inavyosinyaza mishipa midogo ya damu, klobetasoli huizidi haidrokotisoni takriban mara 600. Kinachosomwa kwanza, basi, ni jina la dawa. Asilimia hulinganishwa tu kati ya tyubu zenye dawa ileile.

Nguvu ya dawa ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni mahali inapopakwa. Feldmann na Maibach walipima jambo hili mwaka 1967 kwa kulinganisha kiasi cha haidrokotisoni kinachopenya katika sehemu mbalimbali za mwili. Ikiwa kigasha, yaani mkono kati ya kiwiko na kiganja, kitahesabiwa kuwa moja, unyayo hupitisha kama sehemu moja ya saba tu, paji la uso mara 6, taya mara 13, na ngozi ya korodani mara 42. Kwa hiyo dawa ambayo haitoshi kwenye kisigino kilichokakamaa inaweza kuharibu ngozi ya kinena kwa muda mfupi. Ndiyo sababu usoni, kwenye kope, kwapani na sehemu za siri hutumika steroidi hafifu kwa siku chache, na zile kali sana huachiwa viganja, nyayo na mabaka manene ya soriasisi, kwa usimamizi wa daktari. Mtoto mchanga huhitaji hadhari zaidi, kwa kuwa eneo la ngozi yake ni kubwa likilinganishwa na uzito wake. Nepi nayo, hasa ya plastiki, hufunika dawa na kuisukuma ndani, jambo ambalo mzazi aliyepaka kidogo hawezi kulikisia.

Kuhusu kiasi, maelekezo ya “paka kidogo” hayana maana, maana kidogo cha mmoja ni kingi cha mwingine. Long na Finlay wa Cardiff walipendekeza mwaka 1991 kipimo ambacho kila mgonjwa anacho: mstari wa krimu unaokamuliwa kutoka kwenye ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye mkunjo wa kwanza. Mstari huo una takriban gramu 0.5 na hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Uso na shingo huhitaji mistari miwili na nusu, mkono mzima mitatu bila kiganja, mguu sita bila unyayo. Hesabu hii hufichua udhaifu wa vyeti vingi vya dawa. Mgonjwa mwenye pumu ya ngozi kwenye miguu yote miwili, akipaka mara moja kwa siku, anatumia gramu 6 kila siku. Kwa wiki mbili ni gramu 84. Akipewa tyubu moja ya gramu 15 itamwishia siku ya tatu, au ataivuta kwa kupaka nyembamba mno, arudi akisema dawa haifanyi kazi, na aongezewe kali zaidi asiyoihitaji. Upande wa juu nao una kikomo: klobetasoli haitakiwi kuzidi gramu 50 kwa wiki kwa mtu mzima, wala wiki mbili mfululizo bila kuonwa tena. Kupaka mara moja kwa siku, au mbili ikibidi, kunatosha; mara ya tatu na ya nne huongeza madhara tu.

Aina ya tyubu pia ina maana yake. Krimu hufaa ngozi yenye majimaji na kwenye mikunjo. Marhamu, yaani dawa yenye asili ya mafuta mazito, hufaa ngozi kavu iliyopasuka. Mafuta ya mgando ya kulainisha ngozi hupakwa kando na dawa, kwa kupisha kama nusu saa, ili yasiisambaze hadi kwenye ngozi isiyo na ugonjwa.

Madhara ya kuzidisha huanza juu ya ngozi. Ngozi hukonda, mishipa ikaonekana, na michirizi hutokea mapajani na kwapani. Michirizi hiyo haifutiki. Usoni huzuka chunusi na vipele vinavyowaka jua likipiga. Ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu, shinikizo la jicho hupanda na mtoto wa jicho anaweza kuota. Ikipakwa eneo kubwa kwa miezi, dawa huingia kwenye damu na kuzizuia tezi zilizo juu ya figo zisitengeneze homoni yake ya asili. Mtoto anaweza kudumaa, na uso wake ukavimba mviringo.

Katika ngozi nyeusi kuna mawili ya kuongeza ambayo vitabu vya Ulaya huyapitia haraka. La kwanza, wekundu unaotajwa humo kama dalili ya uvimbe hauonekani hivyo. Huonekana kama weusi zaidi, zambarau au kijivu, kwa hiyo ugonjwa mkali huweza kudhaniwa mdogo. La pili, pumu ya ngozi ikipoa huacha doa jeusi. Doa hilo si ugonjwa unaoendelea. Hufifia lenyewe kwa miezi, na kulipaka steroidi mpaka lifanane na ngozi ya jirani ni kulibadilisha kuwa baka jeupe. Uwezo huohuo wa kufifisha rangi ndio uliovuta klobetasoli na betamethasoni kwenye biashara ya mkorogo, ambako huchanganywa na haidrokwinoni au zebaki na kuuzwa kama vipodozi. Mtumiaji wa mkorogo mara nyingi hajui kwamba anapaka steroidi, na mhudumu asiyeuliza hataambiwa.

Tatizo kubwa kuliko yote, hata hivyo, liko kwenye tyubu za mchanganyiko: steroidi kali, dawa ya fangasi na antibiotiki katika krimu moja, kwa kawaida betamethasoni au klobetasoli pamoja na klotrimazoli na gentamisini au neomisini. Mvuto wake unaeleweka. Muuzaji asiye na uhakika wa ugonjwa anapata kitu kinachoonekana kukidhi kila dhana, mteja anaondoka na tyubu moja badala ya tatu, na kesho yake muwasho umekwisha. Ni dawa ya kukwepa uchunguzi.

Mfano wa choa unatosha. Choa huanza kama duara lenye ukingo ulioinuka, wenye magamba na vipele vidogo, katikati pakiwa pamesafika. Umbo hilo ndilo humwezesha hata mhudumu asiye bingwa kuutambua ugonjwa. Steroidi ikipakwa juu yake, muwasho huisha siku ya pili au ya tatu, magamba hupotea na ukingo hulala. Fangasi, ambayo mwili ulikuwa ukiizuia kwa uvimbe uleule uliotulizwa, sasa inapata nafasi ya kuenea na kuingia kwenye vinyweleo. Tyubu ikiisha, ugonjwa hurudi mpana zaidi, mara nyingine duara ndani ya duara, na mgonjwa hununua nyingine kwa kuwa anakumbuka jinsi ya kwanza ilivyomsaidia. Akifika kwa daktari wa ngozi baada ya miezi sita, duara halipo tena na ugonjwa umepoteza sura. Huhitajika kusimamisha krimu kwa siku kadhaa, kukwangua magamba na kuyatazama kwa hadubini.

India imeonyesha mwisho wa njia hii. Krimu za mchanganyiko ziliuzwa huko kwa wingi bila cheti, na choa kisichosikia tiba ya kawaida kikawa janga la nchi nzima. Fangasi mmoja wa huko, mwenye usugu mkubwa dhidi ya dawa ya fangasi iitwayo tebinafini, alipewa jina la Trichophyton indotineae mwaka 2020 na tayari ameonekana katika mabara mengine. Serikali ya India iliziweka krimu 14 za steroidi chini ya sharti la cheti cha daktari mwaka 2018. Choa cha kawaida cha mwilini hakikuhitaji lolote kati ya hayo: klotrimazoli pekee, mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hadi nne, na kuendelea kwa wiki moja au mbili baada ya ngozi kuonekana safi, hutosha. Mapunye ya kichwani ni jambo jingine. Krimu haifiki kwenye mzizi wa nywele, na mtoto huhitaji dawa ya kumeza.

Upele nao hufichwa vivyo hivyo: muwasho hupungua, wadudu wanaendelea kuzaliana, na familia nzima inaambukizwa. Baka lisilohisi mguso wa pamba halipakwi krimu yoyote kwanza. Linapelekwa kituo cha afya, kwa kuwa huenda ni ukoma, na dawa za ukoma hutolewa bure.

Antibiotiki ya kupaka ina uwanja mdogo kuliko inavyodhaniwa. Hufaa vidonda vichache vya juu juu, hasa vile vya watoto vinavyotoa majimaji na kuganda gaga la rangi ya asali. Gaga huloweshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni na kuondolewa, kisha hupakwa mupirosini au asidi ya fusidiki mara tatu kwa siku kwa siku tano hadi saba. Bila kuondoa gaga, dawa hukaa juu yake. Vidonda vikiwa vingi, au mtoto akiwa na homa, tiba ni ya kumeza. Jipu huhitaji kupasuliwa na kutolewa usaha; krimu haifiki ndani. Kidonda kinachozidi kuwasha na kutoa maji wakati kinapakwa neomisini huenda kimepata mzio wa neomisini yenyewe, na kuongeza dawa ni kuongeza mzio.

Tyubu iliyobaki haihifadhiwi kwa ajili ya kidonda kijacho, wala unga wa kapsuli za rangi mbili haumwagwi kwenye kidonda, desturi ambayo bado ipo mijini na vijijini. Kupaka antibiotiki kwa wiki nyingi hubakiza bakteria sugu juu ya ngozi na puani, na usugu wa mupirosini huwanyima madaktari dawa muhimu ya kuondoa bakteria hao kwa wagonjwa wanaongoja upasuaji.

Madaktari wa ngozi ni wachache. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda, kilicho katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, tangu 1992, kimefundisha wahudumu kutoka nchi nyingi za Afrika, lakini mgonjwa wa kawaida bado hukutana kwanza na mtoa dawa wa famasi au wa duka la dawa muhimu. Maswali machache ya mtoa dawa huyo yana uzito kuliko tyubu anayoitoa: ugonjwa uko wapi na tangu lini, kimepakwa nini mpaka sasa, ni nani mwingine nyumbani anayejikuna usiku. Maelekezo nayo yaandikwe juu ya tyubu: sehemu ya kupaka, mara ngapi, na tarehe ya kuacha. Tarehe ya kuacha ndiyo husahaulika.

Hofu ya kupita kiasi nayo ina gharama. Mtoto mwenye pumu ya ngozi asiyepakwa steroidi yoyote kwa kuwa mama ameambiwa ni sumu hukosa usingizi, hujikuna mpaka akatoka damu, na bakteria huingilia hapo. Steroidi ya ngazi sahihi, kwa kiasi sahihi na kwa siku zilizotajwa, ni salama, na hakuna dawa ya bei nafuu inayoifikia kwa ugonjwa huo.

Aliyekwisha kuipaka kwa miezi haachi ghafla bila ushauri. Ngozi ya uso huweza kuwaka, kuvimba na kutoa vipele kwa wiki kadhaa, na wengi hurudia krimu wakidhani ugonjwa umerejea. Daktari humshusha kutoka dawa kali kwenda hafifu, kisha kwa kuruka siku. Akiwa ni mtoto aliyepakwa krimu kali eneo kubwa, na akaanza kutapika, kulegea au kupoteza fahamu wakati wa homa ya kawaida, tyubu yenyewe ipelekwe hospitalini pamoja naye, kwa sababu huenda mwili wake hautengenezi homoni ya kutosha na anahitaji haidrokotisoni ya sindano bila kuchelewa.