Makala Iliyosubiri: Denis Burkitt wa Mulago na Namna Tunavyopima Kazi ya Mtafiti



Desturi inamtaka profesa mpya azungumzie kazi zake mwenyewe. Nimeomba ruhusa nizungumzie makala moja tu, tena si yangu. Iliandikwa Kampala na kuchapwa mwaka 1958 katika British Journal of Surgery, jarida la wapasuaji wa Uingereza. Ni makala ya kurasa chache inayoeleza habari za watoto 38. Mwandishi wake, Denis Burkitt, alikuwa daktari wa upasuaji wa serikali ya kikoloni katika Hospitali ya Mulago. Nimeichagua kwa sababu naamini kamati nyingi za kupandisha watu vyeo katika vyuo vyetu zingeipa alama ndogo, na zingekuwa zimefuata kanuni zao sawasawa. Hilo ndilo linalonisumbua.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita Burkitt wodini amwone mtoto wa kiume wa umri wa miaka mitano hivi. Taya zake zote, ya juu na ya chini, zilikuwa zimevimba kushoto na kulia. Jipu halivimbi hivyo, na saratani aliyosomea Burkitt haikuwa na tabia ya kuanza mahali panne kwa wakati mmoja. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akamwona mtoto wa kike mwenye uso ule ule. Alimpima mwili mzima, akakuta na tumbo lina uvimbe. Aliporudi Mulago alipekua mafaili ya wodi na ripoti za maiti zilizochunguzwa, akagundua kwamba watoto walioandikiwa uvimbe wa taya, wa figo, wa ini na wa ovari walikuwa na ugonjwa mmoja. Wapasuaji, madaktari wa watoto na wanapatholojia walikuwa wameugawana bila kujua, kila mmoja akiona kipande chake.

Wagonjwa wenyewe hawakuwa wapya. Albert Cook, mmisionari aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameandika habari za uvimbe wa taya za watoto katika kumbukumbu zake miongo kadhaa kabla. Kumbukumbu zile zilitunzwa vizuri kiasi kwamba mwaka 1964 watafiti wa Kampala waliweza kuchapa uchambuzi wa saratani zilizoonekana Mengo tangu 1897 hadi 1956. Miaka karibu 60 ya daftari za hospitali! Wanafunzi wangu wa udaktari wanaoona kujaza faili la mgonjwa ni kazi ya kumaliza zamu, naomba wakae na jambo hilo kidogo.

Basi makala ikatoka. Ikapita karibu kimya. Iliuita ugonjwa sarkoma ya taya, ikawekwa mbele ya wapasuaji, na wapasuaji wa London hawakuwa na watoto wa namna hiyo. Kampala penyewe, wanapatholojia Jack Davies na Gregory O'Conor waliendelea kuchunguza vipande vya uvimbe chini ya hadubini, wakaonyesha kuwa ni limfoma, yaani saratani ya seli za mfumo wa limfu. Burkitt naye alipeleka kwa posta karatasi za maswali zenye picha kwenye hospitali za serikali na za misheni kote Afrika, akiuliza swali jepesi: mmeona watoto kama hawa? Majibu aliyaweka kwenye ramani kwa pini, na pini zikaanza kujipanga kama mshipi katikati ya bara.

Sasa tuangalie vipimo vyetu. Eugene Garfield, wa Philadelphia, alichapa pendekezo la faharasa ya nukuu za kisayansi mwaka 1955, na katika miaka ya 1960 akaitoa faharasa yenyewe. Ilikuwa kazi nzuri. Iliwawezesha watafiti kufuatilia wazo kutoka makala hadi makala. Kigezo cha athari cha majarida, kilichozaliwa humo, kilikusudiwa kusaidia kuchagua majarida ya kuingizwa katika faharasa. Hesabu yake ya kawaida huangalia nukuu za mwaka mmoja kwa makala zilizochapwa katika miaka miwili iliyotangulia. Kwa makala ya 1958, maana yake ni kwamba nukuu zinazohesabika ni za 1959 na 1960. Baada ya hapo dirisha linafungwa.

Na tukio lililobadilisha kila kitu lilitokea Machi 1961.

Mwezi huo Burkitt alikuwa London, akatoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa waliosikiliza alikuwamo Anthony Epstein, mtaalamu wa patholojia aliyekuwa amezoea kutafuta virusi vya saratani ya kuku kwa hadubini ya elektroni. Kilichomgutusha ni ramani. Saratani inayofuata mvua na joto, alifikiri, lazima iwe na kiumbe kinachoieneza. Wawili hao walikubaliana kwamba vipande vya uvimbe vya wagonjwa wa Mulago vipelekwe London kwa ndege. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona chochote. Kisha, mwishoni mwa 1963, ukungu uliilazimisha ndege iliyobeba sampuli itue Manchester. Sampuli ilipofika kwa kuchelewa maji yake yalikuwa yamechafuka, na mtu mwingine angeimwaga akidhani imeingiwa na bakteria. Epstein aliitazama. Zilikuwa seli hai za uvimbe zikielea, na seli hizo ndizo zilizokubali kuoteshwa maabara. Machi 1964 Epstein, Bert Achong aliyezaliwa Trinidad, na Yvonne Barr walitangaza katika The Lancet kirusi ambacho leo tunakiita Epstein-Barr, cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Huku nyuma, Oktoba 1961, Burkitt alinunua gari kuukuu la Ford kwa pauni 250, akaondoka Kampala na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Clifford Nelson. Walisafiri wiki 10, takriban kilomita 16,000, kupitia Tanganyika iliyokuwa ikijiandaa kupokea uhuru wake, hadi Afrika Kusini, wakiingia hospitali zaidi ya 50. Walitaka kujua mpaka wa ugonjwa uko wapi. Karibu na Ikweta uliishia mahali nchi inapopanda kupita mita 1,500 hivi. Kusini zaidi uliishia chini ya hapo. Alexander Haddow wa taasisi ya virusi ya Entebbe ndiye aliyeonyesha kwamba mpaka huo ni wa joto na mvua. Kutoka hapo ilikuwa hatua fupi kuuliza kuhusu mbu, na hatimaye malaria, ambayo sasa tunajua hushirikiana na kirusi hicho kumfanya mtoto augue.

Kuna jambo moja naliona kubwa kuliko yote haya. Mulago haikuwa na mashine ya tiba ya mionzi. Burkitt alikuwa na watoto waliokuwa wakifa ndani ya miezi michache na kisu chake hakikuwafaa, kwa hiyo akajaribu dawa mpya za saratani alizopewa na watengenezaji. Baadhi ya watoto uvimbe wao uliyeyuka ndani ya siku chache. Wapo waliopata dozi moja au mbili tu wakaishi miaka. Katika zama ambazo wakubwa wa tiba walidhani saratani haiwezi kuponywa kwa dawa, ushahidi huu wa Kampala ulikuwa na uzito mkubwa. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, nacho ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Kwa kipimo kipi tungeyaona haya mwaka 1960? Hata kipimo cha h, alichopendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, kisingetusaidia. Mtafiti ana h ya 20 akiwa na makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Mwenye makala moja pekee, hata ikiwa imefungua tawi zima la sayansi, ana h ya 1.

Wapo watakaosema Burkitt alipata heshima zake: tuzo ya Lasker mwaka 1972, na mwaka huo huo akaingizwa katika Royal Society. Ni kweli. Ila wingi wa nukuu nao hauthibitishi usahihi. Katika miaka ya 1970 Burkitt huyo huyo, pamoja na Trowell, alieneza wazo kwamba uchache wa nyuzinyuzi katika chakula cha Wazungu ndio unaowaletea saratani ya utumbo mpana. Wazo hilo lilimpa umaarufu kuliko limfoma. Lakini mwaka 2000 majaribio mawili makubwa ya Marekani yalikuta kwamba nyuzinyuzi hazikuzuia kurudi kwa vinyama vya utumbo vinavyotangulia saratani. Mjadala haujafungwa, kwa sababu tafiti nyingine zinamwunga mkono. Nasema tu kwamba idadi ya waliokutaja haijui kutofautisha wazo sahihi na lisilo sahihi.

Na kuna watu ambao rekodi ya machapisho haiwaandiki kabisa. Wauguzi na matabibu waliozijaza zile karatasi za maswali. Wazazi wa West Nile, Uganda, ambao katika miaka ya 1970 waliruhusu damu ichukuliwe kwa watoto takriban 42,000 ili ijulikane kama kirusi hutangulia ugonjwa. Familia za Mara Kaskazini hapa Tanzania, ambako kuanzia 1977 hadi 1982 watoto walipewa klorokwini kuona kama kupunguza malaria kungepunguza limfoma. Jibu la Mara lilichapwa mwaka 1989, nalo halikukata shauri: ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua kabla ya dawa kugawiwa, na dawa yenyewe ilikuwa ikipoteza nguvu mbele ya vimelea. Utafiti wa namna hiyo, wa miaka mingi na jibu lisilo na kishindo, ndio ambao mhadhiri kijana wa leo hathubutu kuugusa, maana mkataba wake utakwisha kabla.

Azimio la San Francisco la mwaka 2012 kuhusu tathmini ya utafiti lilishasema kigezo cha athari cha jarida kisitumike kumpima mtu. Nakiomba Chuo kiende mbali zaidi kwa mambo mawili. Kwanza, mwombaji wa cheo alete makala tatu alizochagua mwenyewe, za umri wowote, na wajumbe wa kamati wazisome zote kabla ya kikao, kisha waandike kwa maneno kila moja imebadilisha nini: tiba, sera, njia ya kufanya utafiti, au swali ambalo wengine wanaliuliza. Pili, daftari la wagonjwa lililotunzwa kwa miaka, rejista ya saratani, au hazina ya sampuli ihesabiwe kuwa kazi ya kitaaluma, na majina ya waliolitunza, akiwamo karani wa kumbukumbu na muuguzi, yaandikwe katika kila chapisho linalotoka humo. Pendekezo la maandishi nimeshalikabidhi kwa Seneti, na niko tayari kuitwa kulitetea.