Kiwanja cha Ndege cha Haydom na Huduma ya Uponyaji

(Hotuba ya maadhimisho ya miaka 100 ya Usharika)



Historia ya Kanisa kwa kawaida husimulia habari za majengo: kanisa la kwanza la miti na udongo, shule, zahanati, mnara wa kengele. Lakini kipo kipande cha ardhi kisicho na ukuta wala paa ambacho nacho kimelitumikia Kanisa. Hicho ni kiwanja kidogo cha ndege cha kijijini.

Mfano mwema ni Haydom, katika nchi ya Mbulu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 kwa juhudi za Misheni ya Kilutheri ya Norway, mahali palipo umbali wa kilomita 300 hivi kwa barabara kutoka Arusha. Wakati wa masika magari yalikwama matopeni, na ugonjwa haungoji barabara ikauke. Kwa hiyo ndege zilikuwa daraja. MAF, huduma ya Kikristo ya usafiri wa anga iliyoanza mwaka 1945, ilirusha ndege zake Haydom kwa miaka mingi, zikileta madaktari, dawa na vipuri, na kuwachukua wagonjwa. Tena ziliwapeleka wauguzi vijijini kufanya kliniki za mama na mtoto. Watoto walipimwa uzito na kuchanjwa, mama wajawazito wakachunguzwa, na chanjo zikafika zingali na ubaridi wake.

Wengi hudhani kazi hiyo yote ni ya rubani. Sivyo. Haydom iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua la mchana huizidisha wepesi, hata ndege ikahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Nyasi ndefu huipunguzia mwendo, nayo ardhi iliyolowa hushika magurudumu. Shimo moja la mnyama laweza kuvunja gurudumu la mbele. Ng'ombe wakiwapo njiani, rubani hulazimika kupita chini kuwafukuza, kisha azunguke tena, huku mafuta yakipungua na jua likielekea kuchwa. Mahali pasipo na taa, giza likiingia hakuna kutua, na mgonjwa hulala akingoja asubuhi.

Basi uhai wa mama huyo umo pia mikononi mwa kijana afyekaye nyasi, mzee akatazaye mifugo isichungwe kiwanjani, na jirani asiyesogeza mpaka wa shamba lake hata hatua moja. Hao hawapandi ndege, wala majina yao hayaandikwi katika taarifa za hospitali.

Injili ya Marko inawataja watu wanne waliomchukua mwenye kupooza, wakatoboa dari ili afike mbele ya Yesu. Majina yao hayakuandikwa, lakini Bwana aliiona imani yao. Usharika unaoingia katika karne yake ya pili na ujiulize, si ni majengo mangapi utajenga tu, bali ni njia ipi itafungwa endapo mikono yake italegea.

Bwana aibariki kazi ya mikono isiyotajwa. Amina.